Mafuta Katika Chakula cha Paka Wakati wa Ukame: Mada kwa Wafugaji na Wachinjaji wa Garsen



Swali tulilokuja kulijadili ni hili: paka anayelishwa nyama mbichi, je, aongezewe mafuta? Ulaya na Marekani swali kama hili huulizwa sana na watu wanaofuga fereti, mnyama mdogo mwenye mwili mrefu, wa jamii moja na kicheche wetu. Utumbo wa fereti ni mfupi, chakula hupita ndani yake kwa saa tatu au nne tu, kwa hiyo wenyewe humpa nyama yenye mafuta mengi ili apate nguvu ya kutosha kabla hakijatoka. Sisi Tana River hatufugi fereti. Tunafuga paka, naye pia ni mla nyama hasa: mwili wake umeumbwa kuendeshwa na protini na mafuta ya wanyama wengine. Paka huyu ndiye anayetulindia mahindi na mpunga usiliwe na panya, tangu Ngao hadi maduka ya Garsen, na wengi wetu tunadhani kazi hiyo inamtosha kuwa mshahara na chakula.

Jibu langu ni ndiyo, aongezewe, hasa wakati wa kiangazi, ila kwa kipimo. Na kipimo hicho ndicho ninachotaka tukielewe vizuri leo.

Tuanze na nyama yenyewe. Mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na wote tulioko hapa tuliona ng'ombe walivyokwisha. Mnyama anayekonda hutumia kwanza mafuta yaliyo chini ya ngozi, kisha yale yanayozunguka figo, na mwisho kabisa uboho wa mifupa. Wachinjaji mnalijua hili kuliko mimi: ukivunja paja la ng'ombe aliyepigwa na ukame, uboho hauwi ule mweupe unaoganda, huwa mwekundu na wa majimaji. Nyama ya mnyama wa namna hiyo ni mnofu mtupu. Ndiyo inayoshuka bei, ndiyo inayotupiwa paka kwa wingi, na watu hushangaa paka anakula sana huku mbavu zinahesabika.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu moja ya protini ina 4. Paka mzima wa kilo tatu na nusu huhitaji kalori zipatazo 200 kwa siku. Mnofu usio na mafuta una takriban kalori 110 kwa kila gramu 100, kwa hiyo paka huyo atahitaji karibu gramu 200 za nyama kila siku, na ni nyumba gani ya Garsen itakayotoa kiasi hicho katika ukame? Akipewa nusu yake, mwili unaichoma protini ili upate nguvu, na misuli inabaki haina cha kujijengea.

Sasa mpe gramu 120 za mnofu uleule pamoja na vijiko viwili vya chai vya mafuta, ambavyo ni kama gramu 9. Kalori zinafika 210 na kidogo, na nusu ya nguvu hiyo inatokana na mafuta. Watafiti waliochunguza paka wanaojitafutia mawindo wenyewe walikuta karibu hesabu hiyohiyo: nusu protini, nusu mafuta kasoro kidogo, na wanga asilimia 2 hivi. Panya mzima ana kiasi hicho mwilini mwake. Kwa vijiko viwili hivyo tunaurudisha mnofu wa ukame karibu na panya.

Lakini hapo ndipo watu wengi huteleza. Paka hula mpaka nguvu imtoshe, kisha huacha. Ukimwekea vijiko vinne au vitano, atashiba kabla hajala nyama ya kutosha, na pamoja na nyama atakosa vitamini na taurini, kirutubisho kilicho ndani ya nyama. Taurini si jambo dogo. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, walionyesha kwamba paka wanaoikosa hupata ugonjwa wa moyo kutanuka na kulegea; ilikwisha kujulikana kabla ya hapo kwamba huweza pia kupofuka. Moyo wa ng'ombe au mbuzi una taurini nyingi, na bei yake buchani haitishi. Mimi ningependa kuona kipande cha moyo kwenye sahani ya paka kabla ya kuona kijiko cha tatu cha mafuta.

Mafuta yepi, basi? Kwa nguvu peke yake, hapa kwetu sioni yanayoyashinda ya kondoo wa Kisomali, yule mweupe mwenye kichwa cheusi, anayeweka akiba yake matakoni. Ya ng'ombe nayo yanafaa, na samli ya mama zetu pia, ingawa samli kwa bei ya kiangazi sitamshauri mtu amwekee paka. Mafuta ya kondoo na ng'ombe hata hivyo yana upungufu mmoja. Paka hawezi kujitengenezea vya kutosha asidi ya mafuta iitwayo arakidoni kutokana na mafuta ya mimea kama sisi tunavyoweza, na mafuta ya wanyama wanaocheua hayana nyingi. Ataipata zaidi katika mafuta ya kuku, kiini cha yai na ini. Ini liwe kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Likizidi kwa muda mrefu, vitamini A inajazana na mifupa ya shingo huanza kushikana. Mafuta ya nazi na yale ya kupikia ya dukani hayana arakidoni kabisa, kwa hiyo yasichukue nafasi ya mafuta ya mnyama.

Samaki wa mtoni na wa Kipini ni neema, lakini mlo wa samaki wenye mafuta kila siku, bila vitamini E, humletea paka uvimbe wa mafuta ya mwilini wenye maumivu makali; hataki hata kushikwa. Tena baadhi ya samaki wakiwa wabichi huharibu vitamini B1.

Nije kwenye ubichi. Mwaka 2006 na 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo katika eneo letu. Kimeta nacho kipo nchini. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiguswe wala isilishwe mnyama yeyote, na mafuta yake vilevile. Matumbo, maini na mapafu yenye vifuko vya maji yasitupiwe mbwa wa zizini. Minyoo inayotokana nayo imewatesa sana watu wa Turkana. Kwa joto letu, na kwa kuwa nyumba nyingi hazina friji, mimi naona heri nyama ichemshwe kidogo. Taurini huyeyukia kwenye maji, kwa hiyo mchuzi usimwagwe: mpe nao, pamoja na mafuta yaliyoelea juu. Mifupa iliyopikwa iondolewe, maana hupasuka vichokoo. Mafuta yaliyochacha yatupwe hata kama paka mwenyewe anayataka.

Anza na nusu kijiko, upandishe kwa wiki mbili. Kinyesi kikiwa laini, cheupe na cha kuteleza, punguza. Paka anayenyonyesha ndiye mwenye haki ya kwanza, kwa kuwa mahitaji yake hufika mara mbili au tatu ya kawaida, na huyo mkimpa vijiko vitatu, pamoja na nyama zaidi, sitapinga. Paka dume aliyehasiwa, anayelala dukani mchana kutwa na mbavu zake hazipapasiki, hahitaji hata kimoja.

Kwenu wachinjaji nina ombi: vipande vya mafuta na moyo mnavyovipunguza asubuhi wekeni kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na sakafu, na kabla ya adhuhuri viwe vimekwisha kuchukuliwa.