MAZUNGUMZO YA AFYA: MISHIPA ILIYOVIMBA MIGUUNI

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wakulima wa pamba wa Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Yanachapishwa hapa kwa kuwa wakulima wetu wa mwani na wachuuzi wa sokoni nao hushinda wima.)



Nimeombwa nieleze habari za mishipa inayovimba na kujisokota miguuni kama mizizi. Wakati wa kuchuma pamba mtu husimama tangu asubuhi, na jioni miguu huwa mizito.

Damu hushuka miguuni kwa kusukumwa na moyo. Kurudi juu hutegemea misuli ya shavu la mguu, ambayo kwa kila hatua huikamua mishipa iitwayo vena. Ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Vikilegea, damu hurudi chini ikatuama, na mshipa ukatanuka. Urithi, umri, uzito, mimba na kusimama mno huchangia. Hapana uchawi hapa, wala si "damu chafu" ya kupunguzwa kwa wembe.

Juu ya wembe huo nataka kusema zaidi. Mshipa umejaa, na ngozi iliyoufunika ni nyembamba. Ukichanjwa, au ukikwaruzwa na bua la pamba, waweza kuvuja damu hata mtu akafa, naye pengine hasikii maumivu. Likitokea hilo, mlazeni papo hapo, inueni mguu upite kifua, gandamizeni penye tundu kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, kisha apelekwe kituo cha afya. Msifunge kamba juu ya jeraha: kamba huzuia damu kurudi, ikazidi kutoka.

Ngozi ya juu ya kifundo, upande wa ndani, ikigeuka rangi na kuwasha, kidonda ki karibu, nacho huweza kuchukua miezi kupona. Mtu ainue miguu apumzikapo, na atembee badala ya kusimama mahali pamoja. Bandeji ya kubana husaidia sana, lakini mwenye kisukari apimwe kwanza mapigo ya damu mguuni. (Matende, yaenezwayo na mbu, ni maradhi mengine.)

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, pengine damu imeganda ndani. Mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo. Na kifua kikibana au pumzi zikikatika, asingojee hata kupambazuke. Mama aliyejifungua karibuni aangaliwe zaidi.

Mwenye swali na amwone mganga wa zahanati iliyo karibu naye.