Tuwatazame Samaki Alfajiri

Leo tuzungumze juu ya bwawa la samaki. Wengi wetu tumelichimba kwa jembe na beleshi, kwa jasho letu wenyewe. Basi ni uchungu kuamka asubuhi na kukuta samaki wanaelea, wamekufa. Je, wamerogwa? Hapana. Mara nyingi wamekosa hewa.

Kwanza tuchague samaki wavumilivu. Perege ni mmojawapo. Hula pumba na majani, na huzaana upesi. Mwingine ni kambale. Huyu ana kiungo cha kuvutia pumzi juu ya maji, kwa hiyo huishi hata kwenye maji ya tope. Lakini kambale hula wenzake. Tukiwachanganya, kambale wawe wadogo kuliko perege. Hapo watakula vifaranga wanaozaliwa tu, na perege hawatajazana na kudumaa.

Pili, tusijaze bwawa. Vifaranga wawili wa perege kwa kila meta ya mraba wanatosha. Bwawa la meta 10 kwa 20 lina meta za mraba 200. Basi tutie vifaranga 400, tusizidishe.

Tatu, maji. Maji mazuri yana rangi ya kijani. Kijani hicho ni vimea vidogo sana, tena ni chakula cha perege. Mchana, kwenye jua, vimea hivyo hutoa hewa majini. Usiku havitoi. Navyo huvuta hewa ile ile wanayoivuta samaki. Ndiyo maana alfajiri hewa huwa kidogo kabisa. Samadi nyingi na chakula kinachooza huzidi kuimaliza. Kwa hiyo tulishe pumba ya kuliwa ikaisha kwa robo saa, basi.

Tutapimaje maji? Kwa mkono wetu. Tuunyooshe, tuuzamishe polepole. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwikoni, ni sawa. Kikipotea kabla ya hapo, kijani kimezidi, tusitie samadi. Kikionekana bado, tuongeze samadi kidogo. Lakini maji yakiwa ya tope, kipimo hiki hakifai.

Ipo dalili moja tusiidharau. Alfajiri tukiona perege wengi wako juu, wanahema midomo wazi, wala hawakimbii tukikaribia, hiyo ni hatari. Tufanye nini? Siku hiyo tusilishe, tusitie samadi. Tufungue mfereji, maji mapya yaingie yakianguka kutoka juu, maana yakianguka huchukua hewa. Kama hakuna mfereji, tuchote maji kwa ndoo na kuyamwaga tena bwawani kutoka juu, mpaka jua lipande.

Haya, kesho kabla ya kwenda shamba tupitie bwawani. Kuwatazama samaki hakuna gharama. Likitushinda jambo, tumwite Bwana Samaki mapema, kabla samaki hawajaelea.