Kuandikisha Umbo la Kitu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mwanza)



Nitasema machache juu ya jambo ambalo mafundi hutuletea mezani, nasi mara nyingi huwarudisha bila jibu: haki ya mtu katika umbo la kitu alichokibuni.

Kwanza yafaa tutenge mambo matatu yanayochanganywa. Tuseme fundi wa Kirumba ametengeneza taa ya kuvulia dagaa. Ikiwa amevumbua njia mpya ya kuiwasha, atafute hataza, ambayo sheria yake kwa Tanzania Bara ni ya mwaka 1987. Chapa aliyoigonga juu yake ni alama ya biashara, yenye sheria ya mwaka 1986. Lakini ikiwa taa yawaka kama nyingine zote, ila ameipa sura mpya ipendezayo macho, sura hiyo ndiyo habari yetu ya leo. Haki yake hailindi kazi ya kitu. Yalinda jinsi kinavyoonekana tu. Kadhalika nakshi ya khanga, mgongo wa kiti na umbo la chupa.

Haki hii ni ya zamani. Mwaka 1787 Bunge la Uingereza liliwapa wenye nakshi za vitambaa ulinzi wa miezi 2 tu. Siku hizi mapatano ya Shirika la Biashara Duniani yataka ulinzi usiopungua miaka 10, ijapokuwa nchi maskini zimepewa muhula hata Julai 2034.

Kwetu je? Wakoloni walituachia sheria, Sura ya 219, ambayo kwayo umbo lililoandikishwa Uingereza lililindwa na huku pia. Itazameni maana yake. Mwenye kiwanda wa Manchester aliandikisha nakshi yake kwao, na ulinzi ukafika Mwanza bila yeye kuvuka bahari. Fundi wa Mwanza hakuwa na daftari la nchi yake la kuandikia umbo lake. Wala mtindo huo haukukoma kwa Uhuru wa 1961. Bara iliendelea nao miaka mingi. Kenya ilitunga sheria yake ya mali za viwandani mwaka 2001, Zanzibar 2008, Uganda 2014.

Iko njia nyingine, nayo ni Mapatano ya Harare ya mwaka 1982, yasimamiwayo na shirika la ARIPO. Tanzania iliingia humo mwaka 1999. Kwa ombi moja mtu aweza kutaja nchi kadhaa, lakini ada huhesabiwa kwa dola, na kwa fundi wa Kirumba huo ni mzigo. Tena sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 yataja sanaa za matumizi, za mkono na za kiwandani; basi mwenye nakshi asiisahau.

Sasa, tumwambie nini fundi ajapo? Tumwambie kwamba sharti kubwa ni upya. Akikipeleka kitu chake maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo kabla ya kupeleka ombi, huenda amekwisha kuuvunja upya huo mwenyewe. Sheria nyingine hutoa muhula, lakini mwenye hekima hautegemei. Achore kitu pande zote, aandike tarehe, aulize kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni njia iliyo wazi na ada yake, ndipo aonyeshe watu.

Nina shauri moja kwa chama. Tuchague makarani wawili wenye mwandiko mzuri, wakae jioni moja kila mwezi kuwasaidia mafundi kuchora, kutia tarehe na kujaza karatasi za maombi. Michoro hiyo si cheti, wala haimpi mtu haki ya mwenye cheti. Lakini kukiwa na ugomvi itashuhudia nani aliyetangulia, na ombi litakwenda bila makosa ya kulirudisha.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi yetu sisi ni daftari. Haifai mali ya jirani zetu ipotee nasi tumeshika kalamu.