Kuku Aliyeng'atwa na Mbwa

Msikilizaji, mbwa akimrarua kuku, wengi wetu hukimbilia kisu. Hoja yao ina uzito: matibabu yaweza kugharimu kuliko kuku mwenyewe, na kumwacha ateseke ni ukatili. Lakini huyo huenda ndiye mtagaji wa nyumba, au mwanao kamlea tangu kifaranga.

Sasa tuliangalie jeraha lenyewe. Jino la mbwa huacha tundu dogo chini ya manyoya, uchafu ukazama ndani. Kwa hiyo pekua manyoya yote, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha mtenge kwenye boksi lenye joto. Wenzake wakiona damu watamdonoa. Funika kwa chandarua, maana nzi wakitaga kidondani, funza hutokea ndani ya siku moja tu. Dawa za kuua bakteria mwachie afisa mifugo, na mayai yasiliwe mpaka aruhusu.

Lipo jingine, nalo kwangu ndilo zito zaidi: mbwa mwenyewe. Kesho huenda akamng'ata mtoto, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Je, mbwa wa mtaani kwako wamechanjwa?