Msemaji Asiye na Fungu



Wapenzi wasikilizaji, katika somo lililopita tulieleza amri ya saba, tukasema juu ya mwizi avunjaye mlango usiku. Leo tutazame wizi mwingine, ufanywao mchana, kwa maneno ya upole na karatasi mkononi.

Huku Kindu, ng'ambo ya Lualaba upande wa Alunguli, palikuwa na mjane kipofu. Matanga yalipokwisha, shemeji zake walimletea karatasi atie kidole. Walimwambia kwamba ni karatasi ya kumtunza; kumbe ilikuwa ya kuuza kiwanja chenye nyumba yake. Mimi nilikwenda kumtetea, nami nikakosa. Niliketi barazani pamoja na shemeji zake, nikasema kwa niaba yake kwamba yafaa ahamie kwa binti yake. Yeye mwenyewe nilikuwa sijamwuliza neno.

Je, mteteaji wa kweli ni nani? Mkumbuke Susana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili walimsingizia, na mkutano uliwasadiki kwa sababu ya umri wao na cheo chao. Danieli hakungoja malipo. Aliwatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake: mliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake, na uongo ukafunuka.

Sheria ya nchi nayo haikuwasahau wanyonge. Katiba ya mwaka 2006 yasema kwamba wazee na walemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe. Tena mtu aliyedhoofishwa na uzee au ugonjwa aweza kupewa na tribinali msaidizi wa kusimama naye anapouza mali au kukopa. Lakini msaidizi huyo akiwa mtu wa ukoo, huenda naye anakimezea mate kiwanja kile kile. Kwa hiyo yafaa awepo mtu wa tatu, asiyegawana chochote. Kama hamumwoni karibu, ulizeni Tume ya Haki na Amani, kazi ambayo Papa Paulo wa Sita aliianzisha mjini Roma mwaka 1967.

Kwa mjane wetu, mtu huyo alikuwa mama mmoja wa parokia, asiye wa ukoo ule. Alituomba sote tutoke nje, hata mimi katekista. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa; akamsomea kwa Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho. Kisha akamwuliza, "Mama, wewe wataka nini?" Akangoja.

Alipotoka alituambia maneno ya mjane bila kuongeza wala kupunguza: hataki kuhama, kwa kuwa hapa njia ya mtoni na ya kanisani miguu yake yaijua, na kwa binti yake angeketi kutwa akingoja mtu wa kumshika mkono. Baadaye yule mama aliniambia kwamba yeye mwenyewe aliona afadhali ahame. Lakini hilo hakulisema barazani.

Karatasi ilirudishwa bila alama ya kidole. Shemeji mmoja hanisalimu hata leo.

Somo lijalo litakuwa juu ya amri ya nane.