Samaki Asiyeweza Kuishi Peke Yake

Nazungumza nanyi asubuhi hii: ninyi mnaojiandaa kwenda kazini, ninyi mlio vitandani kwa ugonjwa, na wewe uliye peke yako katika chumba cha kupanga, redio ikiwa ndiyo sauti ya kwanza uliyoisikia tangu jana jioni. Leo nataka tumwangalie kiumbe mdogo sana, samaki asiyefika urefu wa kidole chako cha shahada. Anaitwa tetra neoni.

Pengine umemwona katika nyumba ya mtu au katika ofisi ya daktari, ndani ya tangi la kioo. Ana mstari wa buluu unaong'aa ubavuni, na chini yake wekundu unaoanzia katikati ya mwili hadi mkiani. Asili yake ni mbali nasi, katika vijito vya mto Amazon huko Peru, Kolombia na Brazili. Maji ya vijito vingi vya huko ni ya joto na rangi yake ni kama chai ya strungi, kwa sababu ya majani ya miti yanayoanguka na kuozea humo. Mtaalamu mmoja Mmarekani, George Myers, alimwandika samaki huyu katika vitabu vya sayansi mwaka 1936. Tangu hapo amekuwa mmoja wa samaki wanaofugwa zaidi majumbani duniani, na wengi wanaouzwa leo wamezalishwa katika mabwawa na matangi.

Sasa sikiliza jambo hili. Watu wengi huenda dukani, huona rangi ile, nao humnunua mmoja, au wawili, wakawatia katika bakuli la kioo juu ya meza. Mtoto hufurahi siku ile ya kwanza. Baada ya siku chache samaki hujificha pembeni. Hali vizuri. Rangi yake imefifia, na mtoto anauliza, "Baba, mbona samaki wangu amekuwa hivi?" Wazazi husema, "Labda ni mgonjwa." La, ndugu zangu. Mara nyingi ana hofu, na ana hofu kwa sababu yuko peke yake.

Neoni ni samaki wa kundi. Porini huishi pamoja na wenzake wengi sana. Adui akija, kundi hugeuka pamoja kama kitu kimoja, hata adui asijue amkamate yupi. Ubavuni mwa kila samaki pana mstari wa vijitundu vidogo unaohisi mtikisiko wa maji. Ndiyo sababu, pamoja na macho yake, anajua mwenzake amegeukia wapi, naye hugeuka papo hapo. Usalama wake wote uko katika wenzake. Ukimtenga, umemnyang'anya ngao yake. Na ile buluu yake si kama rangi iliyopakwa ukutani. Hutokana na vipande vidogo sana ndani ya ngozi vinavyorudisha nuru, nayo hufifia usiku, na hufifia vilevile akiwa katika dhiki. Basi anayetaka kumfuga samaki huyu na awanunue angalau sita, na kumi ni bora zaidi.

Nadhani umekwisha kuona ninakoelekea. Je, hatuna watu wa namna hii mitaani mwetu? Kijana ametoka nyumbani, amekuja Nairobi au Mombasa kutafuta kazi. Amepata chumba, amepata kitanda na jiko. Kwa macho yetu hana shida. Lakini hakuna amwitaye kwa jina kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Hafi, anafifia tu. Nasi twasema, "Siku hizi fulani amekuwa mkimya," kisha twapita. Watu wamepewa kuishi pamoja, na hata samaki wa shilingi chache yatufundisha hayo maumbile yake.

Lakini msidhani kwamba wingi peke yake watosha. Hapa ndipo wafugaji wengi huanguka. Mtu hununua tangi leo, hulijaza maji leo, huwatia samaki kumi leo. Maji ni maangavu kama kioo. Baada ya juma moja samaki wanakufa mmoja mmoja, naye ashangaa, kwa maana maji ni masafi!

Ndugu msikilizaji, maji yanaweza kuwa masafi machoni, nayo ni sumu. Samaki hutoa amonia katika pumzi na uchafu wake, na chakula kinachobaki huoza na kuiongeza. Amonia haionekani. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria wazuri, wanaokaa katika changarawe na hasa katika sifongo ya kichujio. Wengine huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo, ambayo mimea huitumia na wewe huipunguza kwa kubadili maji. Bakteria hao huhitaji muda wa kuongezeka, kwa kawaida majuma manne hadi sita. Kwa hiyo mwenye busara huweka tangi, huwasha kichujio, hutia chembe chache za chakula kila siku bila samaki yeyote, na kupima maji kwa dawa ya kupimia. Siku atakapoona kwamba amonia na nitriti zote mbili zimekwisha, ndipo aende dukani. Haraka haraka haina baraka.

Na nyumba zetu je? Mgeni akiingia aona viti vimepangwa, vitambaa vimefuliwa, watoto wamesalimia vizuri. Maji maangavu! Lakini labda kuna neno chungu lililosemwa mwaka jana, ambalo halijaondolewa hata leo. Labda mume na mke hupitana mlangoni kama wapangaji. Sumu hiyo haina rangi. Wanaoivuta kwanza ni wadogo, wale watoto wasioweza kutoka ndani ya tangi wakaenda kwingine. Mfugaji mwema hasubiri harufu. Kila juma hutoa kama robo ya maji na kutia mengine yaliyotayarishwa. Nasi hatuna budi kusafisha nyumba zetu kidogo kidogo, kila juma, kwa kuombana radhi. Tukingoja mpaka mtu aanguke, tutakuwa tumechelewa.

Naomba niwape wale wanaotaka kufuga mashauri machache ya kweli. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 hubeba lita 54. Maji hayo peke yake ni kilo 54, basi meza na iwe imara, mbali na jua la dirishani. Maji ya mfereji yana klorini inayoua samaki na bakteria pia. Tumia dawa ya kuiondoa. Joto liwe kati ya nyuzi 21 na 26. Usiku wa Julai huku Nairobi ni baridi kwao, kwa hiyo weka hita na kipimajoto. Umeme ukipotea, lifunike tangi kwa blanketi, usiwape chakula, na uyakoroge maji taratibu mara kwa mara ili hewa iingie. Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili. Na sifongo ya kichujio usiioshe kwa maji ya mfereji, usije ukawaua wale bakteria. Ioshe katika maji uliyoyatoa tangini.

Siku ya kuwaleta samaki nyumbani, usiwamwage tangini kwa ghafula. Acha mfuko wao uelee juu ya maji kwa muda wa robo saa, kisha utie maji ya tangi mfukoni kidogo kidogo, mpaka wayazoee. Laiti tungewapokea hivyo watu wageni! Bibi arusi aliyeingia ukoo mpya, mwanafunzi aliyehamia shule mpya, hawa nao wahitaji kuzoeshwa maji kidogo kidogo. Mara nyingi sisi huwamwaga tu, kisha twawalaumu kwa kuhangaika.

Neno moja zaidi. Ukichoka kufuga, usiwapeleke samaki mtoni wala ziwani. Mpe mtu mwingine anayefuga, au warudishe dukani. Sisi twajua jinsi mgeni anavyoweza kubadili maji ya watu. Mbuta aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, naye akachangia kuzifuta aina nyingi za fulu. Kamba wa kigeni waliletwa Naivasha mwaka 1970, nao wakaharibu mimea mingi ya majini. Kiumbe uliyemchukua ni amana mkononi mwako mpaka mwisho.

Twasoma katika Kitabu cha Mwanzo kwamba samaki waliumbwa siku ya tano, kabla yetu sisi, kisha mwanadamu akapewa kuwatawala. Anayejifunza kumtunza mdogo asiyeweza kulia wala kuomba, amejifunza kumtazama jirani asiyejua kusema shida yake.

Basi leo, kabla jua halijatua, mfikirie mtu mmoja uliyemwona akififia. Usingoje aje kwako. Mbishie mlango, umwite kwa jina, unywe naye chai. Nawe uliye peke yako, usione aibu kuwatafuta wenzako. Hivyo ndivyo ulivyoumbwa.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini mpaka tutakapokutana tena.