Goti la Mzee: Kabla ya Kisu na Baada Yake

(Haya ni maelezo ya mada iliyotolewa baada ya swala ya Alasiri mbele ya vijana na wazazi. Mtoa mada ni mtaalamu wa fizio anayehudumia wagonjwa wa mifupa.)

  



Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa kubadilisha goti. Naona vijana wengine washaanza kuangalia saa, wanasema moyoni goti ni la wazee, sisi yatuhusu nini? Yawahusu sana. Daktari hufanya kazi yake kwa saa moja na nusu, labda mbili, akamaliza. Miezi mitatu inayofuata ni kazi ya watu wa nyumbani, na watu wenyewe ndio nyinyi.

Kwanza tuelewe kinachofanywa. Mmeona mfupa wa paja la kuku, ile ncha yake nyeupe inayoteleza? Na sisi tunayo gotini. Ikilika, mfupa unasuguana na mfupa, ndipo mzee anapoanza kushika ukuta akishuka ngazi. Katika upasuaji, daktari hukata ncha zile zilizoharibika, kipande chembamba tu cha mfupa, kisha akavika chuma juu na chuma chini, na katikati akaweka plastiki ngumu ya kuteleza. Watu husema "ametolewa goti lote", sivyo. Misuli ni yake na kano nyingi ni zake. Magoti ya aina hii yalianza kutengenezwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, kwa hiyo si jambo la majaribio. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti kama 82 katika kila 100 hudumu miaka 25.

Lakini niwaambie ukweli wote. Si kila goti linalouma ni la kukatwa. Kupunguza uzito, mazoezi ya misuli ya paja, mkongojo, na dawa za maumivu kwa ushauri wa daktari, hizo zijaribiwe kwanza na zijaribiwe kweli, si wiki moja. Kilo moja ukiipunguza mwilini, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Upasuaji ni wa yule ambaye maumivu yanamwamsha usiku, hawezi kutembea mpaka msikitini, na picha inaonyesha goti limekwisha. Na hata hapo, karibu mtu mmoja kati ya watano hubaki hajaridhika sawasawa, ama kwa maumivu, ama kwa ugumu wa goti. Mzee aambiwe haya kabla. Nimeona familia zinamficha mama yao, zinamwambia "utakuwa kama msichana", kisha wiki ya pili mama analia usiku akidhani kuna kitu kimeharibika, kumbe ni maumivu ya kawaida ambayo hakuna aliyemtajia.

Sasa matayarisho. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imeshuka na imetulia wiki nyingi kabla, kwa sababu sukari ikiwa juu kidonda hakiponi na vijidudu hupata karamu. Meno mabovu yatibiwe, kidonda cha mguu au cha kucha kipone kwanza. Mvuta sigara aache. Na msimfiche daktari kitu: dawa za presha, za kulainisha damu, dawa za miti shamba, habbat sauda anayokunywa kila asubuhi, yote yatajwe, kwani vingine huzidisha damu kutoka. Mzee anayetafuna miraa naye aseme, asione haya, maana anayempa ganzi anahitaji kujua moyo wake unavyokwenda.

Mazoezi yaanze kabla. Hili watu hulipuuza sana. Mzee alale chali, anyooshe mguu, akaze paja kana kwamba anagandamiza godoro kwa nyuma ya goti, ahesabu mpaka tano, aachie. Mara kumi, asubuhi na jioni. Paja lililokuwa na nguvu kabla ya kisu ndilo linaloamka mapema baada yake.

Halafu pesa. Ulizeni hesabu nzima kwa maandishi: kitanda, daktari, mtu wa ganzi, goti lenyewe, dawa, na fizio ya baadaye. Familia nyingi hufanya mchango wa upasuaji, fizio ikasahauliwa, na goti bila fizio hukauka likawa gumu kama mlango wenye kutu. NHIF ilikwisha, tangu Oktoba 2024 ni SHA, basi hakikisheni mzee amesajiliwa na michango imelipwa, na hospitali iwaambie kabla ya kulazwa ni kiasi gani kitalipwa na kipi ni juu yenu.

Tuje nyumbani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya hospitali vimeandikwa kwa nyumba za Ulaya. Sisi twala mkekani, choo chetu wengi ni cha kuchuchumaa, na mama akikuna nazi yuko juu ya mbuzi, magoti yamekaribia kidevu. Yote hayo kwa goti jipya hayawezekani miezi ya mwanzo. Tafuteni kiti kirefu chenye mikono, imara. Kitanda kiwe cha urefu wa kawaida, godoro la chini halifai. Kwa choo, nunueni kiti cha choo, au mpelekeeni seremala kiti cha mbao atoboe tundu katikati, na miguu yake asiifanye ya kuteleza. Mabusati na mikeka yote ya njiani ikunjwe, kwa sababu ncha ya busati imeshawaangusha wengi. Taa iwepo kati ya kitanda na choo. Mkikaa ghorofa ya tatu au ya nne isiyo na lifti, kama kule Eastleigh au Mji wa Kale, fikirieni mzee akae kwa mtoto wake wa chini wiki za mwanzo. Na mbuzi ya nazi apewe kijana. Ndiyo, wewe.

Usiku wa kuamkia upasuaji mgonjwa huambiwa asile kwa kama saa sita, na maji matupu huachwa saa chache kabla. Hiyo ni amri ya hospitali ili asitapike akiwa amelala, msimletee uji kwa huruma. Mama anayetaka kuhudumiwa na wanawake, au kufunikwa kichwa mpaka mlangoni pa chumba cha upasuaji, aseme mapema. Mara nyingi husikilizwa, lakini ukisema asubuhi ile ile watu washajipanga.

Baada ya upasuaji, watu hushangaa mgonjwa anasimamishwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Wanasema mbona wanamtesa? Hawamtesi. Mguu ukilala, damu huganda ndani ya mishipa, na donge la damu likisafiri mpaka mapafuni laweza kuua. Ndio maana hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na huambiwa achezeshe nyayo juu na chini kila saa. Kazi hiyo mjukuu wa miaka saba aweza kuisimamia, na wao hupenda kuamrisha.

Wengi hurudi nyumbani baada ya siku mbili mpaka nne, kwa fremu ya kutembelea au magongo mawili. Nyuzi hutolewa kama siku ya 10 mpaka ya 14. Lengo la mwanzo ni mawili: goti linyooke kabisa, na likunjike mpaka nyuzi 90 ndani ya wiki chache za mwanzo. Kukunja kila mtu anakujua, kunyoosha ndiko kunakosahauliwa. Hapa kuna adui mmoja anayeingia na tabasamu, naye ni mto. Shangazi anakuja kumzuru mgonjwa, anaona mguu umelala vibaya, anasema "masikini", anautia mto chini ya goti. Mgonjwa anapata raha, na goti linajifunza kukaa limejikunja. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani linyooke lenyewe.

Adui wa pili ni mkandaji. Najua tunao wakandaji wazuri, nami siwadharau. Lakini mguu uliopasuliwa usikandwe kwa mafuta moto, na shavu la mguu lililovimba lisiguswe kabisa, kwa sababu kama ndani mna donge la damu utalisukuma. Kuumikwa na kuchanjwa karibu na kidonda vilevile hapana. Barafu ndiyo ruhusa: ifungwe ndani ya kitambaa, dakika 15 mpaka 20, mara kadhaa kwa siku.

Dawa za maumivu apewe kwa saa zake na kama alivyoandikiwa. Wazee wetu wana tabia ya kuvumilia, wanaona kumeza dawa ni udhaifu. Lakini asiyemeza dawa hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hapati goti. Ampe dawa kwanza, nusu saa baadaye ndio mazoezi. Zile dawa kali hufunga choo, kwa hiyo maji, mapapai na mboga. Uvimbe na joto la goti vyaweza kubaki miezi mitatu mpaka sita, na ngozi ya upande wa nje wa kidonda huwa na ganzi. Hayo yasiwatishe.

Yanayotakiwa kuwatisha ni haya: shavu la mguu kuvimba na kuuma ghafla, pumzi kukatika au kifua kuchoma, homa, kidonda kutoa usaha au kuzidi kuwa chekundu. Hapo hakuna kungoja asubuhi, wala kungoja baba atoke safari.

Ibada je? Udhu hauna shida, kwa sababu goti si katika viungo vya udhu. Taabu ni kuufikia mguu, basi kijana amshikie kata amwagie maji. Kuoga mwili mzima kidonda kifunikwe mpaka daktari aruhusu. Swala, Mtume (S.A.W.) alimfundisha swahaba aliyekuwa mgonjwa aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Na wanavyuoni wetu husomesha kwamba anayeweza kusimama asimame katika kisimamo, kisha akae kitini kwa kile asichokiweza, na kuinama kwake kwa sijda kuzidi kuinama kwa rukuu. Muulizeni imamu wenu aoneshe kwa vitendo.

Kuhusu saumu, upasuaji huu si wa dharura, una nafasi ya kuchagua tarehe. Mimi hushauri ufanywe baada ya Idd, au miezi mingi kabla ya Ramadhan. Wiki za mwanzo mwili unataka maji, chakula na dawa za saa kwa saa, na mgonjwa Allah amempa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Mzee akikataa, mleteeni imamu amwambie, maana wewe mtoto hatakusikiliza.

Haya, maswali.

Swali (kutoka kwa kina mama): Ni lini mama ataweza kusujudu chini kama zamani?

Jibu: Goti jipya kwa kawaida hukunjika mpaka nyuzi 110 au 120. Kukalia visigino kunataka kama 150. Kwa hiyo wengi huswali kitini, na wasidanganywe vingine. Kupiga goti kwenyewe hakuvunji chuma, ila huuma na mtu huhisi kitu kigeni. Wapo wanaofika chini baada ya miezi mingi, juu ya mto laini, na daktari wao akiwa amekubali. Muulizeni daktari kabla ya kisu, kwa maneno wazi: "mama yangu husujudu, utamfikisha wapi?"

Swali: Nimesikia sindano ya kuzuia damu kuganda yatokana na nguruwe.

Jibu: Ni kweli, heparini na enoxaparin hutolewa katika utumbo wa nguruwe. Lakini zipo vidonge, kama rivaroxaban na aspirini, ambavyo havitokani na nguruwe. Mwambieni daktari mapema, aangalie kama kidonge kinamfaa mgonjwa wenu. Akisema sindano ndiyo pekee ya kumwokoa, hapo ni dharura, na wanavyuoni wameizungumza dharura, waulizeni. Kitu ambacho hakifai ni mgonjwa kuikataa kimyakimya na kulala bila kinga yoyote.

Swali: Baba ana nia ya Umra. Afanyiwe kwanza au aende kwanza?

Jibu: Akifanyiwa kwanza, asipande ndege ya safari ndefu bila ruhusa ya daktari, na wengi huambiwa wangoje kama miezi mitatu kwa ajili ya hatari ya damu kuganda. Sa'i peke yake ni zaidi ya kilomita tatu, na bado kuna tawafu. Kule Makka viti vya magurudumu vipo, vitumike. Uwanja wa ndege chuma kitalia, awaambie tu walinzi ana goti la bandia na awaoneshe kovu au barua ya daktari.